Huyu Ni Nani Hasa? Maswali Mnayouliza Kila Mara Kuhusu Mwanachama Mnayemshuku

Karibu kila kikundi cha WhatsApp au Telegram hapa Nairobi kina mtu mmoja anayesemwa chini kwa chini. Anaandika vizuri, anajibu haraka, kila msiba yumo, lakini hakuna aliyewahi kumtia machoni. Majibu haya ni ya maadmini na wanachama wa vikundi vya mtaa, vyama vya kuchanga, vikundi vya wazazi na vya wagonjwa wanaofarijiana. Sikuyapanga kwa umuhimu. Kama pesa imeshaondoka, ruka uende kwenye swali la pesa, haya mengine utayasoma baadaye.

Anatumia jina lisilo lake. Je, hilo ni kosa?

Hapana. Mji huu mzima tunaitana kwa majina yasiyo kwenye kitambulisho: Mama Shiro wa mboga, Baba Brayo, Kamau wa gesi. Jirani unaweza kumjua miaka kumi na jina lake la ubatizo ulisikie siku ya mazishi yake.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kifungu cha 29, inamgusa mtu anayetumia kwa hila nywila, saini ya kielektroniki au alama nyingine ya utambulisho iliyo ya mtu mwingine. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kujiita "Simba wa Kayole" hakumpokonyi mtu yeyote utambulisho wake.

Tena wapo wanaojificha kwa sababu nzuri kabisa. Mke aliyemkimbia mume mwenye mkono mwepesi. Mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi ambaye nyumbani hawajui. Mfanyakazi anayeuliza haki zake huku bosi wake akiwa kwenye vikundi vingine vitatu. Ukimfunua mtu wa namna hiyo ili tu udadisi wako utulie, madhara yatakuwa yake yeye na wewe utaendelea na siku yako.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza yeye ni nani, uliza ana nini chetu mkononi. Ana pesa zetu? Ana siri zetu, anwani zetu, picha za watoto wetu? Anataka tumwamini kwa jambo gani? Kinachohitaji kuthibitishwa ni hilo jambo, na ni kwa kadiri ya uzito wake. Mtu anayetuma vichekesho na bei za nyanya za Wakulima hana deni la kitambulisho kwa mtu yeyote.

Nitajuaje kama shaka yangu ina msingi?

Dalili moja peke yake haina maana. Asiyepokea simu huenda anafanya kazi ya usiku, au ana kigugumizi, au amelala bedsitter moja na watu wanne na hana pa kuongelea. Asiye na picha huenda haipendi sura yake tu. Anayeandika saa tisa usiku huenda ni muuguzi, au ni mlinzi, au yuko Doha na hakuona haja ya kuwatangazia.

Mimi huangalia hadithi inaelekea wapi. Maisha ya kweli yana siku nyingi zisizo na habari: foleni ya Thika Road, maji hayajafika, mtoto ana kikohozi. Hadithi ya kubuni haina siku kama hizo. Kila tukio ni kubwa, na kila kubwa linamsogeza msimulizi hatua moja karibu na ombi. Wiki ya kwanza amefiwa, ya pili ameibiwa simu, ya tatu mwenye nyumba amefunga mlango na kufuli, ya nne anauliza kama kuna mtu anaweza kumkopesha.

Angalia pia mashahidi wake. Kila akishukiwa, hujitokeza dada yake au rafiki yake, namba mpya kabisa, kuja kumtetea. Soma maandishi ya huyo dada polepole. Mwandiko wa simu hufichua: mtu anayeweka nukta tatu baada ya kila sentensi, anayeandika "atii" kwa i mbili, anayeacha nafasi kabla ya alama ya kuuliza. Mbinu hii ya mashahidi wanaoandika sawasawa na mwenye hadithi aliitaja Marc Feldman, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, alipoandika mwaka 2000 kuhusu watu wanaojifanya wagonjwa mtandaoni.

Kisha kuna mahali. Aliyekulia Buruburu anapaswa kuwa na habari ya gari la 58, na anayepanga Ngong atalijua la 111. Aliyekuwa Nairobi Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, anakumbuka stima ilivyopotea karibu nchi nzima, hadi uwanja wa ndege wa JKIA ukaingia giza. Mambo kama haya yakijitokeza yenyewe kwenye mazungumzo yanasema mengi. Ukiyageuza kuwa mtihani, utamfelisha mkweli ambaye huendesha gari lake, na mwongo atakuwa ameshagoogle.

Kiswahili chake hakisikiki cha Nairobi, na jina lake ni la kabila jingine. Si dalili hiyo?

Si dalili. Nairobi ina Wakongo, Wasomali, Waganda, Warundi, Watanzania, na Wakenya waliozaliwa Kilifi wakalelewa Kitale. Jina la Kikamba lenye lafudhi ya Mombasa linaweza kumaanisha tu kwamba mama ni wa Pwani. Kikundi kinachoanza kupima watu kwa lafudhi kitaishia kupima makabila, na hiyo tunaijua ilitufikisha wapi mwaka 2007. Admini azime mazungumzo ya aina hiyo papo hapo.

Picha yake naiona ni nzuri mno. Naihakikisha vipi?

Ipeleke Google Lens au TinEye. Kwenye picha ya wasifu, ifungue, piga skrinshoti, kata kingo, kisha utafute. Ikitokea kwenye tovuti ya picha za kuuzwa au kwenye akaunti ya mwanamitindo wa Brazil, jibu umelipata.

Isipotokea popote, hujapata jibu lolote. Picha iliyotoka kwenye akaunti iliyofungwa haitafutiki, na iliyotengenezwa na akili bandia haina chanzo cha kupatikana. Wengine huigeuza kushoto kulia ili isilingane.

Kumbuka pia kwamba uso huo una mwenyewe. Mwaka 2011 dunia ilimlilia "Amina", aliyejitambulisha kama msichana wa Damascus mwenye damu ya Syria na Marekani, baada ya kudaiwa kwamba ametekwa na watu wenye silaha. Aliyekuwa akiandika ni Tom MacMaster, Mmarekani wa makamo aliyekuwa akisoma Edinburgh. Picha alizitoa kwa mwanamke wa London ambaye hakuwa na habari yoyote, akashtuka kuona sura yake kwenye magazeti. Ukisambaza picha ya "tapeli" kikundini, mara nyingi unasambaza sura ya mtu wa pili aliyeibiwa.

Akikubali simu ya video, yamekwisha?

Zamani ningesema ndiyo. Siku hizi kuna programu zinazobadilisha sura wakati mtu anaongea. Mwombe apitishe mkono mbele ya uso, ageuze kichwa kando, asome ujumbe uliomtumia sasa hivi. Na hata sura ikiwa ya kweli, umethibitisha sura tu. Kazi anayodai anayo, mgonjwa anayedai anaye, bado hujavigusa.

Truecaller inaonyesha jina jingine kabisa. Nimemshika?

Bado. Truecaller huonyesha majina ambayo watu wamehifadhi kwenye simu zao, na sisi tunahifadhi watu kwa maajabu: "Fundi Stima Donholm", "Usichukue Huyu", "Ex wa Carol". Namba zisizotumika kwa muda mrefu pia hurudishwa sokoni na kuuzwa tena, kwa hiyo jina unaloliona huenda ni la aliyekuwa nayo zamani. Kuna kijana wa watu anayepigiwa simu za madeni ya mtu asiyemjua kwa sababu hiyohiyo.

Jina la M-Pesa lina uzito zaidi kwa kuwa laini husajiliwa kwa kitambulisho, na jina hutokea kabla hujakamilisha kutuma. Ndiyo maana watu wengi huingiza namba, wanasoma jina, kisha wanaghairi. Lakini linakuonyesha mwenye laini, si lazima awe ndiye mwenye simu mkononi. Vijana wengi wanatumia laini za mama zao. Wengine wanatumia laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu ambao hata hawajui. Ukitaka kuona kama nawe umo, piga *106# kwenye laini ya Safaricom uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Majina yasipolingana, usiseme umemshika. Mwulize: "Naona laini imesajiliwa kwa jina jingine, ni ya nani?" Mkweli atajibu kwa sentensi moja. Wa aina ile nyingine atakuandikia insha, au atakasirika.

Tunamjua vizuri, lakini tangu jana anaandika mambo ya ajabu. Anaomba pesa.

Hili ndilo ningependa kila mtu alisome, kwa sababu hapa mtaani huyu ndiye mgeni anayekuja mara nyingi kuliko yule wa kubuni. Mwanachama wenu ni wa kweli, namba ni yake, picha ni yake. Aliyeshika akaunti ndiye mwingine.

Hufanyika hivi. Mwizi anajaribu kufungua WhatsApp ya mwenzenu kwenye simu yake. WhatsApp inatuma namba ya siri ya tarakimu 6 kwa mwenye laini. Mwizi anampigia, mara nyingi akijifanya mtu wa kikundi cha kanisa au wa mkutano wa mtandaoni: "Nimekutumia namba kimakosa, hebu nisomee." Akisomewa, amekwisha ingia, na sasa yumo ndani ya vikundi vyote akiwa na jina la mtu mnayemheshimu. Ujumbe wake unafanana kila mahali: laini yangu ya M-Pesa imefikia kikomo, nisaidie 5,000, jioni narudisha.

Kinachomfichua ni namba ya kupokelea. Ameiba WhatsApp peke yake, laini yenyewe bado iko kwa mwenyewe, kwa hiyo pesa haiwezi kuingia kwenye namba mnayoijua. Lazima awape nyingine, au till. Mtu yeyote akikuomba pesa kwa namba unayoijua halafu akasema "tuma kwa hii", piga simu ya kawaida kwenye ile ya zamani kabla ya kufanya lolote. Usipige kwa WhatsApp, maana unaweza kuwa unampigia mwizi mwenyewe.

Ikiwa simu ya kawaida haipatikani kabisa, huenda hali ni mbaya zaidi na namba imehamishiwa kadi nyingine. Hapo hata jina la M-Pesa litalingana. Tafuta mkewe, mumewe, jirani, mtu wa kumwona kwa macho.

Admini afanye nini? Amwondoe kikundini mara moja bila kesi, na aandike: "Akaunti ya fulani imedukuliwa, msitume pesa." Mwenye akaunti akipatikana, asajili WhatsApp upya kwa namba yake, kufanya hivyo humtoa mwizi. Kisha aweke ile PIN ya pili ya tarakimu 6 kwenye mipangilio. Aliye Safaricom anaweza kupiga *100*100# ili laini yake isibadilishwe kadi kwa wakala, na meseji za ulaghai azipeleke 333 bila malipo. Akipigiwa na mtu anayedai ni Safaricom, namba yao ni 0722 000 000 na si nyingine.

Amenitumia ujumbe binafsi akisema yeye ni admini wetu. Picha ni ileile.

Picha hunakiliwa kwa sekunde mbili. Tazama namba, siyo picha. Kwenye Telegram, ambako namba hufichwa, tazama jina lile linaloanza na @, herufi moja baada ya nyingine, kwa sababu I kubwa na l ndogo huonekana sawa. Vikundi vya wapangaji viwe macho zaidi: keteka (mtunza nyumba) wa bandia anayetangaza kwamba kodi ya mwezi huu inalipwa kwa namba mpya anaweza kuvuna ploti nzima kwa asubuhi moja. Namba ya kodi ibadilike kwa barua au kwa mkutano, isibadilike kwa ujumbe.

Mwanachama anaumwa sana na anaomba mchango. Baadhi yetu hatuamini. Tunaona aibu kuuliza.

Aibu hiyo ndiyo mtaji wa matapeli, na pia ndiyo ubinadamu wetu, kwa hiyo swali hili ni gumu kwa haki.

Mwaka 2001 huko Marekani, msichana aliyejulikana kama Kaycee Nicole, aliyedaiwa kuugua saratani ya damu, alitangazwa amefariki baada ya watu kufuata habari zake kwa muda mrefu. Waliompenda wakataka kutuma maua na kadi. Hapakuwa na anwani. Hapakuwa na tangazo la kifo wala mazishi. Wakaanza kuulizana nani kati yao aliwahi kumwona ana kwa ana, na hakuna hata mmoja. Aliyekuwa akiandika yote ni mama mmoja wa jimbo la Kansas. Hakuna mtaalamu wa kompyuta aliyehitajika kuanza kuufichua uongo huo. Lilitosha swali la mazishi ni wapi.

Daktari Feldman niliyemtaja alieleza mengine: mgonjwa anakaribia kufa Jumatatu, Alhamisi amepona kimiujiza; maelezo ya ugonjwa yamenakiliwa neno kwa neno kutoka vitabuni; na mwingine akipata huruma kikundini, hali yake huyu inazorota ghafla. Wengi wa watu hawa hawataki hata senti. Wanataka kuhurumiwa. Huo nao ni ugonjwa, ingawa si ule wanaoutaja, na hapo kumtukana hakumsaidii mtu.

Kwa mchango wa pesa, Nairobi ina njia nyepesi ambayo sielewi kwa nini vikundi vingi haviitumii: lipeni bili moja kwa moja hospitalini. Hospitali kubwa zina paybill, na mgonjwa aliyelazwa ana namba yake ya kulazwa. Pesa ikienda huko hakuna haja ya kumshuku mtu yeyote. Mgonjwa wa kweli atafurahi, maana kazi ya kukusanya na kulipa imempungukia. Anayeng'ang'ania pesa ipite kwenye simu yake peke yake, na wodi haijui, na wageni hawataki, huyo amejijibia.

Na pia tuma watu. Sisi tuna desturi ya kwenda kumwona mgonjwa na maziwa na matunda. Wawili wakienda saa ya wageni, kikundi kizima kinapumua.

Nimuulize vipi bila kumvunjia heshima?

Kwa faragha, na admini, si na watu kumi kwa wakati mmoja. Unaweza kuandika hivi:

"Habari yako dada. Pole sana kwa unayopitia. Umeomba kikundi kichange, na kabla sijatangaza ni wajibu wangu kuhakikisha, kama ninavyofanya kwa kila mtu. Naomba jina la hospitali na namba ya kulazwa ili tulipe huko moja kwa moja. Kama kuna jambo usilopenda wengine walijue, niambie mimi tu."

Maneno "kama ninavyofanya kwa kila mtu" lazima yawe kweli. Kama mama mchungaji hakuulizwa mwezi jana, usimuulize huyu leo.

Tunaweza kumdai nakala ya kitambulisho?

Inategemea anashika nini. Mweka hazina wa chama, ndiyo, tena na jina la mdhamini na mahali anapoishi. Anayepokea mkopo wa kikundi, ndiyo. Anayejiunga ili asome habari za maji na taka za mtaa, hapana. Kwa huyo, mzee wa Nyumba Kumi au keteka akisema anamjua, inatosha.

Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, anayekusanya taarifa za watu anatakiwa awe na sababu, achukue zinazohitajika tu, na azilinde. Nakala ya kitambulisho isiwekwe kikundini hata kwa dakika moja. Ikitua kwenye simu za watu mia mbili, ni mmoja tu anayehitajika kuitumia kusajili laini au kukopa kwenye programu za mikopo. Ikiwezekana awaonyeshe viongozi wawili kitambulisho ana kwa ana, waandike wamekiona, basi.

Kikundi chetu kina watu karibu elfu. Nitamjua nani?

Hutawajua, na WhatsApp inaruhusu hadi 1,024. Washa mpangilio wa admini kuidhinisha wanaojiunga, badilisha linki ya mwaliko kila inapovuja, na kila anayeingia aseme nani amemleta. Mambo ya pesa yasijadiliwe kwenye kikundi cha ukubwa huo.

Nina uhakika sasa. Nimwanike?

Usimwanike. Mwondoe, waambie wanachama kilichotokea bila kupamba ("ombi la mchango la tarehe fulani halikuthibitishwa, aliyetuma chochote awasiliane nami"), na uishie hapo.

Sababu ya kisheria ipo. Mahakama Kuu ilifuta kosa la jinai la kukashifu mnamo Februari 2017, lakini kesi ya madai bado ipo na fidia hutozwa. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nayo si ya mapambo: Septemba 2023 iliitoza klabu moja ya hapa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake, na hiyo ilikuwa picha ya mtu akistarehe, hakuitwa mwizi.

Lakini hata bila sheria ningesema hivyohivyo. Tunaishi mji ambao neno "mwizi" likipigwa stejini, tairi hutafutwa kabla ya ushahidi. Picha uliyoituma ukiwa Kilimani na hasira zako itafika mahali ambapo hasira zina mawe. Na tumeshaona kwamba sura hiyo huenda hata si ya mkosaji.

Ameshakula pesa. Nianzie wapi?

Kama umetuma sasa hivi, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 uombe urejeshewe. Hufanya kazi kama pesa bado haijatolewa, na walaghai huitoa upesi, kwa hiyo usimalize chai kwanza.

Usifute mazungumzo kwa hasira, wala usimzuie kabla hujahifadhi. Hamisha mazungumzo yote kutoka WhatsApp, piga skrinshoti zinazoonyesha namba na tarehe, weka meseji za M-Pesa. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, eleza, na usiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Bila hiyo mambo mengine hayasongi. Kesi za mtandaoni hushughulikiwa na DCI, idara ya upelelezi wa jinai, makao yao yako Mazingira House, Kiambu Road, na laini yao ya bure ya kutoa habari ni 0800 722 203. Kupata mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo cha hadi miaka 3.

Mkiwa mmeibiwa wengi, nendeni pamoja. Mlalamikaji wa 800 huambiwa arudi kesho. Walalamikaji kumi na wawili wenye namba moja ya simu mikononi husikilizwa.

Kama mnamjua mtu mwenyewe na jina lake halisi, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Hapa ndipo jina la kweli linapokuwa na faida, kwa kuwa hamwezi kumshtaki "Simba wa Kayole".

Na zile za "nitumie nauli nije", kisha simu inazimwa akiwa eti amefika Roysambu? Hizo kijana utazihesabu kama karo.

Anazungumza na mtoto wangu na anadai ana miaka 14.

Hapa usichunguze wala usisubiri dalili ya pili. Hifadhi mazungumzo, chukua simu kwa upole bila kumfokea mtoto, piga 116, laini ya bure ya watoto, kisha polisi. Usijifanye mtoto ili umnase mwenyewe.

Nilimshuku, kumbe alikuwa mkweli.

Mwombe radhi palepale ulipomshuku. Kama ilikuwa kikundini, iwe kikundini. Radhi ya faragha kwa aibu ya hadharani haitoshi.

Je, kama mimi ndiye ninayeshukiwa?

Usikimbilie kujieleza kwa kurasa nne, maana insha ndizo zinazowatia watu shaka. Uliza wanataka kuthibitisha jambo gani, kisha thibitisha hilo tu, kwa admini mmoja unayemwamini. Kama ni mahali unapoishi, mtajie jirani au keteka anayekujua. Kama ni kazi, mpe njia ya kuthibitisha isiyopitia kwako. Ukilazimika kutuma kitambulisho, andika juu ya picha jina la kikundi, tarehe na sababu, na ufunike tarakimu ambazo hawazihitaji. Na kama una sababu ya kujificha ambayo huwezi kuisema, sema tu kwamba ipo, kaa mbali na pesa za kikundi, na usikubali uweka hazina hata wakikubembeleza.